Usiku wa Jumapili

Mwalimu hakuwa mtu wa kukuuliza umeamkaje. Ukikutana naye asubuhi pale kwenye bomba la maji la mtaa wetu wa Ziwani, Nairobi, ndoo mkononi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, alikutazama kana kwamba wewe ndiwe uliyechelewa, akasema, "Leo unaijua?" Kama huijui, na nani aliyeijua, alikuambia. Leo ndiyo siku ilipozama ile meli kubwa ya Waingereza iliyosemwa haizami. Leo hiyo hiyo, miaka mingi kabla ya meli, rais wa Amerika aliyewafungua watumwa alikata roho kwa risasi. Tarehe moja, Aprili kumi na tano. Kisha alijaza ndoo yake akaenda zake, akakuacha na maiti wa watu usiowajua kabla hata hujanywa chai.

Nilikuwa mwanafunzi wake na pia jirani yake. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba, tukimsikia akikohoa, akisali, akimsomea mkewe gazeti la juzi kwa sauti. Shuleni alifundisha darasa la sita, na kila asubuhi kabla ya hesabu aliandika tarehe kwenye pembe ya juu ya ubao, na chini yake mambo mawili matatu yaliyowahi kutokea siku kama hiyo. Aliyaita wapangaji. "Siku ni chumba," alisema, "na chumba kina wapangaji wengi. Yule aliyeingia na makochi na redio kubwa asidhani anakaa peke yake." Sisi wa Ziwani, ambao wengi wetu tuligawana chumba kwa pazia, hatukuhitaji mfano mwingine.

Wavulana walimwita Kalenda. "Oya, Kalenda anakam!" na mpira ulifichwa haraka nyuma ya choo. Alijua jina hilo na nadhani lilimpendeza, maana hakuwahi kumwadhibu mtu kwa ajili yake. Siku moja mvulana mmoja mkubwa, ambaye tayari alikuwa na ndevu, alimuuliza, "Sasa Mwalimu, hii maneno ya siku itatusaidia na nini kwa mtihani?"

"Haitakusaidia na kitu," Mwalimu akajibu. "Ndiyo maana nakupa bure."

Alichokuwa hakivumilii ni maneno ya wakati yaliyolegea. Ukiandika "zamani" kwenye insha alikurudishia daftari. "Zamani ni lini? Babako alikuwa na meno?" Majuzi, kitambo, siku ile, yote aliyakata kwa wino mwekundu. Na usiku ndio ulimkasirisha kabisa. Mtoto akisema jambo lilitokea usiku, bila kueleza kama ni kabla au baada ya saa sita, alisimamishwa hadi akumbuke. "Siku inaanza saa sita ya usiku na kuisha saa sita ya usiku," alisema, akigonga saa yake ya mkononi. "Jua lina kazi zake nyingine."

Na mtu huyohuyo alikuwa msahaulifu hata wa kumchekesha paka. Mkewe, Mama Mutua, akimtuma soko la Burma kununua matumbo, alirudi na maini, au na habari ndefu za vita vya huko Asia vilivyolipa soko jina lake, na kikapu kitupu. Mwaka mmoja alivaa suti, akamnunulia mkewe kitambaa cha kichwa, akampongeza kwa siku ya ndoa yao mbele yetu sote. Mama Mutua alikipokea kitambaa, akakifunga kichwani, akakijaribu kwenye kioo. Kisha akasema, "Asante, baba. Tulifunga mwezi ujao." Nyumba zote za mstari wetu zilicheka hadi jioni, na yeye akacheka kuliko sisi.

Nisiseme kwamba alikuwa mtu wa kuchekesha tu. Kwenye kona ya nyumba zetu palikuwa na mama mmoja wa Murang'a aliyeuza sukumawiki na vitunguu. Asubuhi moja ya Aprili ishirini na nne Mwalimu alimsimamia na "Leo unaijua?" yake, akaanza kumweleza jinsi watu wa Dublin walivyoinuka siku kama ile kupigana na Mwingereza. Mama yule alimsikiliza huku akikata mboga.

"Mimi leo naijua bila wewe kuniambia, Mwalimu," akasema. "Ni siku askari wa Mwingereza walijaa hii Nairobi yote, wakatoa watu kwa manyumba. Bwana yangu walimpandisha lori hapo tu, kwa hiyo barabara. Alikuwa amevaa kiatu moja. Hiyo ingine nilikaa nayo miaka mingi. Sasa wewe unaniletea Dublin."

Mwalimu alivua kofia. Alisimama pale mpaka wateja wakaanza kumzunguka. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, aliandika ubaoni kwanza: *Mzee wa mama wa mboga alichukuliwa akiwa na kiatu kimoja.* Dublin ilifuata chini yake. Tangu hapo wapangaji wake walianza kuwa watu wetu. Mtaliano fulani alinasa sauti ya redio kutoka ng'ambo ya bahari, na hapohapo tarehe kumi na mbili Desemba, siku tuliyopata uhuru, yuko mtoto wa jirani aliyezaliwa fataki zikilipuka, mama yake akidhani ni bunduki. Alisema aliyeingia chumbani na kigunia chake ana haki sawa na mwenye makochi. Niliyaamini maneno hayo, na bado nayaamini, ingawa yeye mwenyewe kuna wakati aliyaacha.

Agosti mosi ndiyo aliyoipenda kupita zote. Aliizungumza hata shule zikiwa zimefungwa, akimshika yeyote aliyepita. Ndiyo siku sheria ya Mwingereza ya kuwafungua watumwa wa makoloni yake ilipoanza kufanya kazi. Ndiyo siku Mjerumani alipomtangazia Mrusi vita, na vita hivyo vikafika huku kwetu, vikawala wapagazi maelfu, vikatuachia jina la Kariokor, yaani kikosi cha wapagazi, kwenye mtaa wa hapo ng'ambo. Alikuwa akionyesha kwa kidole, na sisi tukigeuka kutazama, kana kwamba wapagazi wangetokea na mizigo yao.

Kifungua mimba wake, Mutua, ndiye pekee aliyeweza kumkatiza. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kufungua milango, na alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mikate huko Industrial Area. Alimwita baba yake Mwalimu, kama sisi.

"Mwalimu, leo ni siku ya nani?"

"Ni siku yako ya kunyoa. Angalia hicho kichwa."

Jumamosi wafanyakazi wa kiwanda walipewa mikate iliyopinda au kupasuka, isiyoweza kuuzwa dukani. Zamu ya Mutua ilikwisha saa nne za usiku, kwa hiyo mara nyingi alilala kwa rafiki yake aliyepanga chumba karibu na kiwanda, akaja nyumbani Jumapili asubuhi, mfuko begani, kabla ya kanisa. Mama Mutua aliikata ile mikate akatugawia mstari mzima. Hadi leo mkate ulionyooka sana siuamini.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Agosti mosi, mwaka themanini na mbili. Kila mtu wa Nairobi ana yake ya kusimulia na sitaongeza nyingi. Tuliamka redio ikipiga muziki wa kijeshi, sauti ikisema serikali imepinduliwa. Tukasikia risasi upande wa mjini. Watu walipita mtaani na televisheni, na magodoro, na viatu vya upande mmoja. Kufikia jioni redio ilisema serikali ipo, na kwamba mtu asitoke nje usiku. Mutua hakuwa amefika nyumbani. Mama Mutua aliweka chai mezani na kisu cha mkate kando yake, akaketi akitazama mlango, na sisi tulikatazwa kumsemesha.

Barabara zilipofunguka Mwalimu alikwenda kumtafuta, na baba yangu akafuatana naye. Rafiki wa Mutua alikuwa amekwenda kwao Machakos mwisho wa juma ule, hakujua kama kitanda chake kililaliwa. Wakaenda kiwandani. Langoni walimkuta mzee mmoja wa Pwani, mlinzi, mtu wa kofia nyeupe na adabu nyingi. Baba yangu alirudia mbele yetu maneno ya mzee yule mara nyingi, kwa sauti yake hasa, kwa sababu yalikuwa maneno ya mwisho mtu yeyote aliyotuletea juu ya Mutua.

"Kijana wako katoka hapa usiku wa Jumapili, bwana mkubwa, yapata saa nne. Mfuko begani, umejaa. Kaniaga vizuri, kenda zake."

Baba alitaka kuuliza zaidi. Mwalimu alimshika mkono akamvuta. Walipofika kwenye reli alisimama akaanza kuhesabia vidole, kama anavyofanya darasani. Jumapili kiwanda kilifungwa. Mikate hutolewa Jumamosi, si Jumapili, kwa hiyo mfuko ule haukuwa wa mikate. Saa nne za usiku watu waaminifu walikuwa ndani ya nyumba zao, redio imekwisha kuamuru. "Alikuwa anaiba," akamwambia baba yangu. "Mwanangu alikuwa na hao wengine, anaiba." Baba alisema alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Alimtafuta, lakini kama mtu anayetafuta kitu cha aibu. Alikwenda vituo vya polisi, akaenda kwenye chumba cha maiti. Hakumpata. Mtaa haukuchelewa kujua. "Hata wa Mwalimu alikuwa ndani ya hiyo maneno," walisema pale bombani, na wengine waliosema hivyo walikuwa wamekalia viti ambavyo hatukuviona kwao kabla ya Agosti.

Mama Mutua hakukubali hata siku moja. Alikwenda kwa mchungaji akaomba jina la mtoto wake lisomwe katika maombi ya marehemu. Aliyesoma majina hayo kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa mumewe. Mwalimu alikataa. Tulisikia kupitia ukuta.

"Sitamsimamisha Mungu mbele ya watu kwa ajili ya mwizi."

"Mtoto wangu hakuiba."

"Tarehe haidanganyi, mama."

"Tarehe yako hiyo ikuzalie mwingine!"

Tangu siku ile Mama Mutua aliketi kiti cha nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, na mumewe mbele. Walikula pamoja, walisalimiana, alimfulia mashati. Lakini gazeti halikusomwa tena kwa sauti. Kila mwaka mwezi wa nane ulipoanza alimwendea na ombi lilelile, na kila mwaka alijibiwa vilevile. Yeye Mwalimu siku hiyo alitoka nyumbani alfajiri akatembea peke yake hadi giza. Na shule zilipofunguliwa, walituambia wadogo zetu, pembe ya juu ya ubao ilikuwa na tarehe tu, bila mpangaji hata mmoja. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, yote mawili, na sikujua lipi lilikuwa kubwa.

Mimi nilipata kazi ya ualimu Mombasa, nikapanga chumba huko Majengo kwa bibi mmoja mkarimu mwenye ulimi mwepesi. Baba yangu alifariki nikiwa huko. Siku moja bibi akaniambia, "Mwanangu, usiku wa Ijumaa tuna hitima, kisomo cha kumwombea marehemu bwana wangu. Usikose, utakula wali." Ijumaa jioni nikavaa nguo zangu nzuri, nikafunga leso, nikabisha upande wake. Nyumba kimya. Bibi mwenyewe alifungua akiwa na nguo za kulalia.

"Hitima? Mbona ilikwisha jana! Nilikuwekea sahani hata ikapoa."

"Lakini uliniambia usiku wa Ijumaa, bibi."

"Si ndiyo jana? Jua la Alhamisi likitua, Ijumaa imeingia. Usiku ndio wa kwanza, mchana unafuata." Akanishika shavu. "Nyinyi watu wa bara mnahesabu vipi? Mwaanzia katikati ya giza?"

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na nguo zangu nzuri. Haikunichukua muda. Nilisikia sauti ya baba yangu ikiiga ile ya mlinzi: *usiku wa Jumapili, yapata saa nne*. Nililia kwa nguvu hadi bibi akaja kuniuliza kama nimeudhika kwa ajili ya wali.

Nilipopata likizo nilipitia kwanza kiwandani. Mzee wa kofia nyeupe alikuwa amekwisha rudi kwao. Lakini aliyechukua nafasi yake alikuwa mpakiaji wa mikate miaka ile, na nilipomuuliza kuhusu mlinzi wa Jumapili ile alicheka. "Mlinzi gani, dada? Walinzi wote walihepa asubuhi. Hapa palikuwa na kufuli na mbwa mpaka katikati ya wiki."

Mama yangu aliposikia aliniomba ninyamaze. "Mwache mzee. Amezoea hivyo. Ukimwambia, utamzika mtoto mara ya pili." Nilitamani kumtii. Lakini kutoka mlangoni kwetu niliweza kumwona Mama Mutua akiwa nje, ameketi juu ya gunia, anapeta kunde. Nywele zilikuwa nyeupe tupu, na mwanamke wa nyumba ya tatu aliyepita karibu naye alivuta mkoba wake ubavuni, kwa mazoea tu, kama wanavyofanya wakipita nyumba ya mwizi. Nikaingia kwa Mwalimu.

Alikuwa amestaafu. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto la mchana, na macho yake yameingia ukungu. Hakuniuliza kama naijua leo. Aliniuliza kama Mombasa kuna mvua. Nilimjibu, kisha nikamsimulia habari ya hitima, mwanzo hadi mwisho, na sahani iliyopoa. Alitabasamu kidogo. Nikaendelea. Nikamwambia mlinzi yule alikuwa mtu wa Pwani, nikamwambia na habari ya kufuli na mbwa.

 Nilidhani hakunielewa nikataka kurudia, akainua mkono.

"Jumamosi," akasema. "Saa nne. Zamu imekwisha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mfuko ulikuwa wa mikate."

"Ndiyo."

"Hata Wayahudi huanza sabato jua likitua. Nimelifundisha hilo mwenyewe kanisani, Jumapili kwa Jumapili." Akageukia dirisha. "Msichana, kule kwenye chumba cha maiti niliwaambia nataka kuona walioletwa kuanzia Jumapili usiku. Kulikuwa na wengine chumba cha pili, waliookotwa barabarani Jumamosi, waliogongwa na magari na nini. Yule mtu akaniuliza, na hawa je, mzee? Wasio na wenyewe tutawazika. Nikamwambia, hapana. Hao si wa siku yangu."

 Nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Nje, gari la kuuza mafuta ya taa lilikuwa likipiga honi, na watoto walikuwa wakikimbia na madebe.

Aliondoa blanketi akasimama. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Alitoka kwa kushika ukuta, akafika pale gunia lilipotandikwa, akajishusha chini polepole hadi akakaa mavumbini mbele ya mkewe, mzee wa kanisa na suruali yake iliyopigwa pasi. Mama Mutua hakuacha kupeta. Alifikiri ameanguka, akamtazama kama ameumia.

"Mama Mutua," akasema. "Alikuwa anakuletea mkate. Ilikuwa Jumamosi. Hakuiona hata hiyo Jumapili yao. Nilikosea siku."

Ungo ulitua magotini. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, na sikuona hasira usoni mwake, hasira ilikuwa imekwisha siku nyingi. Alinyoosha mkono akampangusa vumbi begani.

"Kwamba hakuiba nilijua," akasema. "Sasa niambie walimzika wapi."